Mpiga Picha za Ngazi

Titus Mutiso angekuazima gari, angekuazima koti lake la baridi, na kama ungelala kwake Thornton Heath, kusini mwa London, angekuachia kitanda yeye akalale kwenye kochi. Kwa vitu hakuwa na choyo. Hata ile kamera ya pili alimpa mkewe Serah kwa mikono yake mwenyewe, akamfundisha kuweka filamu, akamnunulia na kamba ya kuivaa shingoni. Baada ya miaka miwili akawa haitazami kamba hiyo bila kutamani kuikata.

Alikuwa ameanza peke yake, miaka kumi nyuma, kupiga picha nyeusi na nyeupe za mitaa ya London. Siku zake za mapumziko kutoka kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, alikwenda kwenye majengo ya kale ya katikati ya jiji akatafuta vichochoro, milango ya benki iliyofungwa, na zaidi ya yote ngazi za mawe. Ngazi alizipenda mno. Angesimama mbele yake saa nzima akingoja mtu wa mwisho aondoke ndipo apige. Watu, alisema, wanachafua picha.

Serah alikuwa nesi, na manesi huongea na watu. Titus akiwa amepiga magoti kwenye lami ya Edgware Road anapima mwanga, mkewe alikuwa ng'ambo ya barabara anacheka na wazee wa Kiomani nje ya mkahawa, mmoja amemsogezea kahawa, mwingine anamwonyesha wajukuu kwenye simu. Kisha katikati ya kicheko ananyanyua kamera, anapiga moja, anaishusha, wanaendelea na stori. Hata mwanga hakupima.

"Mama Natasha, hiyo si street photography," Titus alimwambia siku moja, akimwita kwa jina la binti yao. "Ukishaongea na mtu umeharibu."

"Sasa nimpige kama mwizi?"

"Unangoja. Unakuwa patient."

"Aki Baba Natasha, wewe ngoja. Mimi Jumatatu niko na shift."

Na picha zake zilikuwa nzuri. Hapo ndipo roho ilipomuuma Titus. Zingekuwa mbovu, angemsifu kutwa kucha mbele ya kanisa zima.

Kulikuwa na chama cha wapiga picha mtaani kwao, na kila mwaka kilichagua picha moja ikatundikwa ukumbini, kubwa kama mlango, ikakaa hapo miezi kumi na miwili. Mwenyekiti, mzee Harrison, alikuwa na sharti lake moja: uso wowote unaotundikwa lazima uandikwe jina chini yake, na mwenye uso apewe nakala. Titus hakuwahi kulijali sharti hilo, maana ngazi hazina majina. Miaka sita alipeleka ngazi, na miaka sita ngazi zilirudi nyumbani.

Mwaka huu Harrison alipiga simu, akamtaka Serah. Serah alikuwa kazini, kwa hiyo ujumbe akaupokea Titus: chama kimezipenda sana picha za mkeo, alete moja mpya kabla ya mwisho wa mwezi. Halafu, kama mtu aliyekumbuka adabu, Harrison akaongeza, "Na wewe pia, Titus, ukiwa na kitu."

Ukiwa na kitu. Ujumbe alimfikishia mkewe, lakini maneno hayo aliyatafuna peke yake mpaka Jumamosi. Siku hiyo walikwenda pamoja karibu na kanisa kuu, mvua imetoka kunyesha, na Titus alimaliza filamu nzima kwenye ngazi zilizolowa zikang'aa. Alikuwa anaitoa kwenye kamera alipomwona Serah kwenye kituo cha basi, amezungukwa na watu watano asiowajua, wote wanacheka, naye yuko katikati yao kama bibi harusi. Wivu ulimpanda hadi masikioni. Akaisokomeza filamu mfukoni, na nyumbani akaitupa kwenye friji.

Friji yao ilikuwa na kopo la aiskrimu ambalo halikuwa na aiskrimu. Humo, kando ya sukuma wiki, zilikaa filamu za wote wawili, za aina moja, mpya na zilizokwishapigwa. Titus alipenda kuacha ulimi wa filamu, ile ncha yake ya mwanzo, nje ya kikopo chake, ili iwe rahisi baadaye kuisafisha kwa dawa picha zitokee. Ili zisichanganyike alikuwa ameweka kanuni, akamhubiria Serah hadi akachoka kusikiliza: ulimi uliokunjwa pembe, filamu imepigwa; ulimi ulionyooka, filamu ni mpya. Jumamosi hiyo, kwa hasira zake, mwenye kanuni hakukunja.

Wiki iliyofuata Titus alikuwa na shift. Serah alichukua filamu yenye ulimi ulionyooka kwenye lile kopo, akaenda peke yake hadi Stanmore, kaskazini mwa jiji, kwa fundi cherehani aliyeelekezwa na wenzake wa kwaya, apunguziwe gauni. Alirudi jioni amechangamka.

"Leo nimepata," alisema, akiweka filamu mezani. "Nisafishie hii, tafadhali. Naskia kwa mwili wote kwamba nimepata."

Serah harufu ya dawa za kusafishia ilimletea maumivu ya kichwa, na kazi hiyo ilikuwa ya Titus siku zote. Kesho yake, Serah akiwa kanisani, Titus alijifungia bafuni, akaziba mwanga chini ya mlango kwa taulo, akafanya kazi yake. Alipoutundika mkanda juu ya beseni, aliutazama kipande kwa kipande. Ngazi zake zilikuwa humo. Serah alikuwa amepiga juu ya filamu iliyokwishapigwa, na picha zote zilikuwa mbili ndani ya moja, vurugu tupu, miguu ndani ya mawe.

Zote isipokuwa moja. Mwanamke wa Kihindi mwenye nywele nyeupe amesimama kwenye mlango wa duka, futi ya kupimia nguo shingoni, anacheka kwa mdomo wazi. Na ngazi zenye mvua zinapanda kutoka kifuani mwake, zinapita begani, zinapotea juu. Ungesema kicheko chenyewe ndicho kinachopanda. Titus hakuwahi kuona picha nzuri kama hiyo, na nusu yake ilikuwa yake.

Serah aliporudi alimkuta ameketi jikoni.

"Pole," Titus alisema bila kuinua macho. "Mwanga uliingia. Imeungua yote."

"Hata ya yule mama wa cherehani?"

"Hata hiyo."

Serah alikuwa bado na mfuko wa Biblia mkononi. "Nilikuwa nimempromise nakala," alisema, akaenda kubadilisha nguo.

Titus akajitetea moyoni siku nne. Filamu ilikuwa yake. Ngazi zake. Dawa yake na bafu lake. Siku ya tano aliichapa ile picha, akaipeleka kwa Harrison kwa jina lake. Mzee aliitazama muda mrefu, akamshika bega. "Titus," alisema, "hatimaye, mtu."

Siku ya kuizindua ilikuwa Jumapili mchana. Serah alikuja na gauni lake lililopunguzwa na sahani ya sambusa, akawaambia wote mlangoni kwamba aliyeshinda ni mume wake. Furaha yake haikuwa na doa, na Titus, aliyeitafuta furaha ya namna hiyo moyoni mwake mwaka mzima asiipate, akamwonea wivu hata kwa hilo. Kisha kitambaa kikavutwa.

Serah aliacha kutafuna. Alimtazama mwanamke, akazitazama ngazi, akamtazama mumewe. Harrison alikuwa tayari na kadi yake na kalamu.

"Na huyu bibi anaitwa nani?"

Titus alifungua mdomo. Miaka sita ya ngazi, na hakuwa amejiandaa kuulizwa swali hilo. Watu thelathini walingoja. Jina halikuja, lingetoka wapi?

"Alka," Serah alisema kutoka nyuma, kwa Kiingereza, ili wote wasikie. "Alizaliwa Kisumu, ana duka la cherehani Stanmore. Tuliongea Kiswahili. Nilikuwa namwambia kuhusu mume wangu, anavyosimama saa nzima mbele ya ngazi akingoja watu waondoke. Ndicho kilichomchekesha."

Ukumbi ulicheka, Harrison naye. Titus hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua kadi, na pale palipoandikwa mpiga picha akalikata jina lake, akaandika Serah Mutiso.

Serah alikuja akaisoma kadi. Akamnyang'anya kalamu.

"Mimi tangu lini nikapiga ngazi?" alisema polepole, kwa Kiswahili, kwake yeye peke yake. Aliandika jina la mumewe chini ya lake, kisha akamrudishia kalamu. "Nakala ya Alka utampelekea wewe. Na utaongea naye."