Shemeji na Tumbo la Ndege

Mbwa wetu anaitwa Shemeji. Usicheke. Aliletwa na kaka wa marehemu mke wangu, mdogo hivi, anakaa ndani ya kofia, na mke wangu akasema, "Kaka yangu kakuletea shemeji mwingine, na huyu angalau hana maneno mengi." Jina likashika hapo hapo. Shida ni siku mashemeji wa kweli wanapokuja kutembea, wamekaa kwa heshima zao, halafu unasikia mjukuu anapaza sauti uani, "Shemeji, toka kwenye takataka!" Paka naye ni Mama Mkwe, maana akiingia sebuleni kila mtu anakaa vizuri.

Sasa hawa wawili walikuwa wasafiri. Binti yangu ni muuguzi, kapata kazi ng'ambo, na mumewe alishatangulia huko mwaka jana. Tiketi zilikuwa tayari: yeye, mwanawe wa miaka tisa, paka na mbwa. Mimi nabaki. Hilo tulishalizungumza likaisha, magoti yangu na baridi havipatani, na nyumba haijilindi yenyewe.

Binti yangu akishika jambo hulifunga kama anavyofunga kidonda, hakuna kinachovuja. Chanjo zikachomwa. Kila mnyama akatiwa chipu shingoni, kidude kama punje ya mchele, ukipitisha mashine inasoma namba. Damu ikapelekwa kupimwa, majibu yakarudi na mihuri utadhani cheti cha ndoa. Mama Mkwe, kwa kuwa ni mwepesi, angekaa kwenye mkoba wake chini ya kiti, miguuni mwa watu. Lakini Shemeji ana kilo ishirini na nane. Huyo ni wa chini, kwenye tumbo la ndege, ndani ya kizimba.

Kizimba chenyewe cha plastiki ngumu, kijivu, mlango wa vyuma vyembamba. Tulikiweka katikati ya sebule, meza tukaitoa, ikawa chai tunashikia mkononi. Daktari wa wanyama alisema wazi: mbwa akizoee kwanza, ale humo, alale humo. Dawa ya usingizi hapana, huko juu ni hatari. Na mbwa anayepigana na kizimba mpaka anajiumiza, watu wa ndege wanamkataa pale pale kwenye mizani. Tulikuwa na wiki tano.

Wiki ya pili ikaisha, Shemeji hataki hata kukitazama. Unaweka nyama ndani, anakaa mbali, anameza mate. Ananyoosha shingo, anapeleka mguu mmoja, anarudi nyuma kama kaona nyoka. Mbwa yule si mwoga. Kapigana na mbwa wa muuza mkaa mara mbili akashinda mara moja na nusu.

"Baba," binti yangu akaniambia, "isipowezekana, atabaki na wewe."

Alisema kwa upole, lakini niliona anavyomtazama mwanawe. Maana mtoto yule na mbwa yule walikuwa kitu kimoja. Alipoanza kujifunza kusoma, alikuwa anamsomea yeye, kila jioni, wameegemeana ukutani. Nadhani Shemeji kasoma kuliko mimi. Cha ajabu, mtoto hakulia wala kubembeleza. Nikajisemea, mjukuu wangu kakua. Kumbe.

Alasiri moja nikarudi kutoka dukani, nilifuata betri za redio. Nimevua viatu mlangoni, naingia kimya, naona nini? Shemeji kaingia kizimbani! Nusu ya mwili iko ndani, mkia nje unatikisika. Roho ikanipaa kwa furaha. Ndipo nikamwona mjukuu wangu nyuma ya kizimba, kapiga magoti, mkono mmoja mfuniko wa sufuria, mkono wa pili mwiko. Akapiga. Ngwaa! Mbwa akatoka kinyumenyume akakimbilia chini ya kochi. Mtoto akaweka mfuniko chini, akalala kifudifudi, akaanza kumwambia huku analia, "Nisamehe, Shemeji. Nisamehe. Usiingie tu, usiingie."

"We mtoto!"

Akaruka. "Babu, usimwambie mama!"

"Nisimwambie nini? Kumbe wewe ndiye unayemtisha mbwa wa watu? Unataka abaki?"

"Sitaki abaki."

"Sasa?"

"Sitaki agande."

"Agande wapi?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito. "Kwani yule mbuzi wako aliganda wapi, Babu?"

Nikakaa kwenye kochi.

Mbuzi yule nilimzaa mimi, kwa mdomo wangu. Miaka miwili nyuma, tunakula, watu wamenuna sijui kwa nini, nikatoa hadithi ya mbuzi mweupe aliyesafirishwa kwenye tumbo la ndege akatoka mgumu kama ubao, tukamwegemeza ukutani juani, na ilipofika saa sita akafungua jicho moja akasema meee. Watu wakacheka. Mtu mzima akichekewa anaharibika. Nikaisimulia tena na tena, kila mara naongeza chumvi. Mara ndevu zake zilikatika kama vijiti. Mara mimi mwenyewe nilimshika pembe, baridi ikaniunguza kidole, na kidole nikakionyesha, chenye kovu, kovu la kopo la maziwa. Mtoto alikuwa akicheka pamoja nao. Kumbe anacheka huku anaweka akiba.

Na hesabu yake alikuwa kaipiga peke yake, miaka tisa ile: bora amkose mbwa wake kuliko amgandishe. Kila siku akipiga mfuniko, alikuwa anajitoa kipande.

"Mjukuu wangu, ile ilikuwa hadithi tu," nikasema.

"Unasema hivyo kwa sababu mama kakutuma."

"Hajanituma. Hakuna mbuzi. Naapa."

"Ulimshika pembe. Ulituonyesha kidole."

"Kidole kilikatwa na kopo."

"Siku ile uliapa pia, Babu."

Hapo sasa. Njia ya mwongo fupi, lakini mimi sikujua kama mwisho wake uko sebuleni kwangu. Nikaona nikizunguka zunguka nitapotea zaidi. Nikavuta pumzi.

"Sikiliza. Mimi sijawahi kuingia kwenye tumbo la ndege. Hata kulisogelea sijalisogelea."

"Ulikuwa mpakiaji mizigo."

"Nilikuwa nakusanya matoroli."

Hakuelewa, ikabidi nieleze. Miaka thelathini na moja nilifanya kazi uwanja wa ndege, hilo ni kweli. Watu wanateremsha mizigo kwenye magari, wanaacha matoroli ovyo kule maegesho. Mimi nayaokota, nayachomeka moja ndani ya jingine, ishirini, thelathini, nayasukuma mpaka mlangoni. Ndege nilikuwa naziona zikiwa juu, kama wewe. Kazi halali, sikumwibia mtu. Lakini unarudi nyumbani jioni, watoto wanakurukia, "Baba, leo ndege zilikuwaje?" Utawaambia nini, leo toroli moja lilikuwa na gurudumu bovu? Nikasema napakia. Siku ya kwanza ilikuwa neno tu, siku ya pili likawa kazi yangu.

"Baba."

Binti yangu alikuwa mlangoni pa jikoni, na sare yake ya kazini. Sijui alisimama hapo tangu lini. Nikatafuta pa kuweka uso, nikakosa.

"Umesikia," nikasema.

"Nilijua tangu nina miaka kumi. Shule ilitupeleka kutazama ndege. Nikakuona na ule msururu wako mrefu, nikawaambia wenzangu, yule ni baba yangu, anaendesha treni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri."

Mtu unaweza kuishi na mwanao miaka yote hiyo, naye kakufunika kwa kanga usipate baridi, wewe unadhani ni ngozi yako. Ningelia pale pale, lakini mjukuu wangu hakunipa nafasi. Alikuwa bado na kazi.

"Basi kama hujawahi kuingia," akasema, "unajuaje kama hakuna baridi?"

Tukatazamana na binti yangu. Nilikuwa nimejivua uongo wangu wote, na sasa nilikuwa shahidi ambaye hakuona kitu.

Asubuhi yake nikaenda uwanja wa ndege kumtafuta Winchi. Huyu tulianza kazi mwaka mmoja, yeye akaenda kwenye upakiaji wa kweli, sasa ni kiongozi wa zamu. Winchi tulimwita kwa sababu ya mikono, inainua mizigo kama mashine, si kwa sababu ya mdomo. Kwa maneno ni bahili, ukimsalimia unangoja. Siku yake ya mapumziko akaja, akakaa ukingoni mwa kochi, kikombe mkononi. Mjukuu wangu akakaa mbele yake na daftari la maswali. Shemeji chini ya kochi. Mama Mkwe juu ya kabati, anasimamia kikao.

"Mzee Winchi, huko chini kuna baridi?"

"Kuna sehemu kuna baridi."

Nikamkanyaga. Akasogeza mguu wake pembeni, akaendelea kama kawaida.

"Mnyama hawekwi huko. Ana sehemu yake, ina joto na hewa kama nyinyi mlio juu. Rubani anapewa karatasi: kuna mbwa, kilo kadhaa, yuko mahali fulani. Anasaini, anaweka joto."

"Rubani anajua jina lake?"

"Linaandikwa kwenye kizimba."

"Akisoma Shemeji atacheka."

"Acheke. Mradi asaini."

Akaandika. "Kuna giza?"

"Kuna giza."

"Ataogopa?"

Nikamwomba Mungu Winchi aseme hapana. Neno dogo tu, lingemgharimu nini?

"Ataogopa," akasema Winchi. "Mlango ukifungwa na injini zikianza, wengi wanaogopa. Wengine wanalia. Halafu wanachoka, wanalala. Wanaotoka mbali nikiwapokea, wengi nawakuta wanapiga miayo."

"Wote wanafika?"

Winchi akaweka kikombe sakafuni. "Waliopita mikononi mwangu, wote wamefika. Wa mikononi mwa wengine siwezi kukuapia."

"Mbuzi umewahi kupakia?"

Akanitupia jicho. "Mbuzi hapana. Vifaranga. Wana kelele kuliko abiria."

Mjukuu wangu akafunga daftari. Akainama, akachungulia chini ya kochi. "Umesikia, Shemeji? Utaogopa. Lakini kuna joto." Na sauti yake ilikuwa imetulia, ya mtu aliyetua mzigo. Mimi niliyemwapia hakuniamini. Huyu kampa giza na woga mkononi, kavipokea.

Sasa ikabaki kuondoa tulichokipanda. Wiki tatu zilikuwa zinakimbia, na Shemeji alikuwa akiona mfuniko tu, hata wa kikombe, anapotea. Mtoto akamtaka radhi kwa vipande vya nyama, kwanza mbali, kisha karibu na mlango wa kizimba. Hapo akagoma. Mguu mmoja, basi.

"Tumwonyeshe," mjukuu akasema. "Babu, ingia wewe."

"Mimi?"

"Mimi kanizoea kizimbani, ananihusisha na ngwaa. Wewe hukumpigia kitu."

Nikaingia, kichwa kwanza. Mabega yakapita. Kiuno kikafika mlangoni, kikabana kushoto na kulia, kikasema hapa ndio kituo. Mbele siendi, nyuma sirudi, na magoti yananipigia kelele. Nikaanza kuguna, "Nivuteni! Nivuteni jamani!" Na wao? Wanacheka. Binti yangu kaegemea ukuta anafuta machozi. Nikapaza sauti zaidi, na sasa si mzaha. Ndipo nikasikia kitu kinanipanda mgongoni. Makucha. Manyoya. Shemeji akajipenyeza kati ya mgongo wangu na dari ya kizimba, mzima mzima, kilo zote ishirini na nane, akafika usoni akaanza kunilamba masikio. Kaja kuniokoa, masikini. Aliogopa mpaka nilisikia moyo wake unavyogonga shingoni kwangu, lakini kaja.

"Mama, usimvute babu!" mtoto akanong'ona. "Subiri kidogo. Acha azoee."

Nilikaa humo dakika nyingi kuliko heshima yangu inavyoruhusu. Lakini kesho yake Shemeji aliingia mwenyewe kunitafuta, akakuta blanketi langu kuukuu, akalizunguka mara tatu, akalala.

Siku ya safari, kwenye mizani, aliingia kizimbani bila kusukumwa. Winchi alikuwa zamu, kaja na vijana wake kukichukua. Mjukuu wangu akapitisha vidole kwenye vyuma vya mlango, akamwambia mbwa maneno yake, sikuyasikia yote, mimi nilisimama kando. Winchi akangoja. Hakumharakisha. Kisha yule mtoto akavitoa vidole mwenyewe, kimoja kimoja, akasema, "Chukueni." Binti yangu akanikumbatia kwa mkono mmoja, wa pili una mkoba wa paka, na Mama Mkwe ananung'unika humo ndani kama kasahau kitu nyumbani.

Siku iliyofuata sikutoka. Nilikaa na simu mapajani, sebule imekuwa pana. Ilipolia niliiangusha, nikaiokota.

"Babu! Babu, tumempata! Mlango ulipofunguliwa alikuwa anatetemeka kidogo. Nimemshika masikio."

"Yakoje?"

"Ya moto, Babu. Yote mawili. Ya moto kabisa."

Nikamwambia simu inakwaruza, sisikii, arudie. Akarudia, kwa nguvu zaidi, na nyuma yake nikasikia mbwa anabweka. Nikamwambia arudie tena. Nilikuwa nasikia vizuri sana.