Kosa la Kuwa Wifi

Askari walimkuta Mwalimu amechuchumaa, anamfunga mtoto kamba za viatu. Walikuwa wawili, wakasimama mlangoni pa darasa la chekechea, na mmoja akauliza kwa sauti ya sokoni, "Wewe ndiye dada wa fundi umeme?"

"Ndimi. Kwani kaka yangu kafanya nini?"

"Utajulia mbele."

Wakamtoa mbele ya watoto, na mbele ya wazazi waliokuja kuwachukua, kama mwizi wa kuku. Kituoni ndipo aliposomewa. Wifi yake, mke wa kaka yake, amevunjwa mkono, na hati ya mashtaka inasema "mume wake pamoja na ndugu zake walimpiga na kumtesa mara kwa mara."

Ndugu zake! Kwao walizaliwa wawili tu, na wazazi wote walikwishatangulia mbele ya haki. Hao ndugu ni yeye peke yake.

"Mimi nilimpiga lini?" akauliza. "Wapi? Kwa kofi, kwa fimbo, au kwa ulimi?"

Mpelelezi, mtu mzima mwenye kitambi, hakuinua hata uso. "Samaki mmoja akioza, huoza wote."

"Mimi si samaki, afande. Nakaa mji huu, wao wanakaa kule, safari ya kutwa nzima. Wifi yangu nilimwona mara ya mwisho siku ya harusi yake."

"Hayo kamwambie hakimu."

Hakimu naye akasema atajitetea ushahidi ukianza. Ushahidi haukuanza. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na shuleni wakamwambia akae nyumbani kwanza mpaka iishe. Wazazi waliokuwa wakimbembeleza awapokee watoto wao, sasa wakimwona dukani wanawavuta watoto mkono.

Siku moja kaka yake akaja kumtembelea, amenyoa vizuri, anatabasamu.

"Dada, mbona unajikondesha bure? Afadhali hata walivyotutia chungu kimoja. Wakili wangu anasema hati imeandikwa ovyo. Tukienda pamoja, tutatoka pamoja."

"Ulimpiga?"

"Mambo ya mke na mume hayo."

"Nimekuuliza, ulimpiga?"

Akatazama dirishani. "Alinijibu vibaya."

Mwalimu akainuka, akafungua mlango. Kumbe ndiyo maana mwenzake analala usingizi! Amepata dada wa kujifichia nyuma yake.

"Toka," alimwambia. "Na huyo wakili wako, nenda naye."

Akajitafutia wakili wake mwenyewe, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi, wakapeleka Mahakama Kuu ombi la kufuta mashtaka. Kaka naye hakukubali kuachwa nyuma. Wakili wake akaleta ombi kama hilo hilo, na yote mawili yakasikilizwa siku moja.

Jaji alisoma maelezo ya mlalamikaji kimya, akarudia. Kisha akamgeukia wakili wa serikali.

"Huyu mwalimu alifanya nini?"

"Alishirikiana na kaka yake, mheshimiwa."

"Alishirikiana vipi?"

"Kwa... kwa kuwa ni wifi ya mlalamikaji, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Mwalimu hakuona la kuchekesha. Kwa neno hilo moja alikuwa amepoteza darasa lake na usingizi wake.

"Kuwa wifi ya mtu si kosa la jinai," jaji akasema. "Hapa hakuna siku, hakuna mahali, hakuna tendo hata moja lililotajwa dhidi yake. Mashtaka yake nayafuta."

Wakili wa kaka akaruka juu kama aliyekalia kaa la moto. "Na mteja wangu, mheshimiwa! Hati ni ile ile!"

"Hati ni ile ile. Lakini kwa mteja wako imetajwa siku, kimetajwa chumba, imetajwa pasi aliyompigia mkewe, na daktari ameeleza mfupa uliovunjika. Huyo atajibu."

Nje ukumbini alimkuta wifi yake, mkono umepona lakini umepinda kidogo. Mwalimu alikusudia kumpita. Miguu ikagoma.

"Wifi, mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu. Nilimtaja mume wangu tu. Afande akasema mume peke yake ni ugomvi wa nyumbani, nikiongeza ndugu ndiyo itakuwa kesi. Nikamwambia wewe huhusiki. Akaniambia, unataka kusaidiwa au hutaki? Nikaweka dole gumba la kushoto kwenye maelezo aliyoyaandika. La kulia lilikuwa ndani ya plasta."

Mwalimu akakosa pa kuipeleka hasira yake. Mwanamke huyu naye alikuwa amedhulumiwa, tena mara mbili.

"Siku yako ya ushahidi, hayo yaseme pia," akamwambia. "Uyaseme kwa sauti."

Kaka alikuwa amesimama karibu na ngazi. "Umeniacha peke yangu, dada."

"Ulipoinua pasi ulikuwa na nani?"

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu akampigia simu, sauti tamu kama asali. Darasa linamsubiri, watoto wamemkumbuka. "Yaliyopita si ndwele, mwalimu."

"Ni ndwele, mwalimu mkuu. Mimi bado naumwa. Nilitolewa mbele ya wazazi. Nitarudishwa mbele ya wazazi."

Kikao cha wazazi kikaitishwa. Mwalimu mkuu alieleza kwamba mwalimu hana kosa na anarudi darasani, huku akiitazama meza, haraka haraka, kama anayemeza dawa chungu. Mwalimu akasimama nyuma ya ukumbi.

"Rudia, tafadhali," akasema. "Huku nyuma hatukusikia."