Nusu Kilo ya Waswa

Mie Gaspar hasira zangu ziko karibu, Kiwalani nzima inajua, lakini siku ile Mwishehe alinipandisha mpaka nikavua kofia nikaikanyaga. Jamani, nani kaona mtu anamhangaikia adui yake ili apate kupigwa naye?

Ilikuwa fainali ya ngumi za ridhaa, nchi sita, sie wenyeji. Mwishehe, bondia wangu, alipima uzito akapita. Mpinzani wake, Mganda mmoja anaitwa Waswa, akapanda mizani: kazidi nusu kilo. Wali wa nazi wa Temeke ulikuwa umemkolea wiki nzima. Wakampa saa moja aipunguze, la sivyo dhahabu inakuja kwetu bila hata kuvaa glavu. Nikamshukuru Mungu na mpishi.

Mwishehe hakufurahi hata kidogo. Mama yake, Bi Tabu, alikuwa hataki kusikia habari za ngumi. Akimwona mwanawe na nundu, ananuna na chakula hamwekei. Juzi tu ndiyo kakubali kuja, mara moja, ajionee. Asiporidhika, mwanawe anaacha, na Mwishehe alishaapa atatii.

"Mwalimu, mama akikuta ulingo mtupu harudi tena," akaniambia. "Na mie ngumi ndiyo basi."

"Dhahabu hiyo, we kichaa! Dhahabu!"

Wapi! Nje kulikuwa na mdundiko unapita, watu wanamtoa mwali, ngoma zinavuma na vumbi tele. Mdundiko mnaujua: mtu anaacha sufuria jikoni, anakuja kushtuka yuko mtaa wa tatu. Mwishehe akamvika Waswa koti la mvua, akamshika mkono, hao wakazama kundini! Nikawafuata nikiwatukana. Mganda mwanzoni alirukaruka kama kakanyaga kaa la moto. Akina mama wakamcheka mpaka basi, kisha wakamweka katikati wakamfundisha kukata kiuno. Jasho likamchuruzika mpaka viatuni.

Waliporudi, mizani ikamkubali. Akamkumbatia Mwishehe kwa furaha. Mie nilisusa, nikaenda kukaa peke yangu.

Jioni Bi Tabu akaja kweli, kajitanda khanga mpaka machoni. Raundi ya kwanza hakutazama. Ya pili akachungulia kwa jicho moja. Ya tatu Waswa akamtwanga Mwishehe konde la shavu, ukumbi mzima ukaguna. Khanga ikadondoka. Bi Tabu huyo, juu ya benchi!

"Mrudishie! Mwishehe, mrudishie! Unamwogopea nini, we mtoto?"

Miaka yote napayuka pale kwenye kona, sijawahi kutiiwa vile. Mwishehe akarudisha, akaongeza na nyingine, na nyingine tena, mpaka Waswa akawa anatafuta kamba za ulingo kwa mgongo. Watu walisimama wote. Mie nilisahau kama nimesusa.

Lakini kengele ikalia. Waamuzi wakampa Waswa kwa pointi, dhahabu ikaenda Uganda. Roho iliniuma, nisiseme uongo. Na kibaya zaidi, nilijua kijana wangu ndiyo kaniponyoka. Nikamfuata Bi Tabu nimpe pole.

Hakunipa hata nafasi ya kuanza. Alikuwa anahema, kanikamata ukosi wa shati kwa mikono miwili.

"Mwalimu, wamemwonea mwanangu! Wanarudiana lini?"