SikuZaKungoja

1.

TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE
Mwili usiotambuliwa utahifadhiwa mochwari kwa siku ishirini na moja (21). Zikipita, orodha itachapwa na kompyuta ya Kitengo cha Kumbukumbu, na Halmashauri itazika.

2.

Kompyuta hiyo aliitunza Eliakunda Mshana, na kanzidata iliyokuwa ndani yake aliitengeneza mwenyewe, miezi minne, bila kutumwa na mtu. Kila faili la kanzidata huja na sifa zake: jina, ukubwa, tarehe. Ila imeachwa nafasi ya mtu kujitungia sifa nyingine. Eliakunda alijitungia moja. Akaiita SikuZaKungoja, akaiandikia 21; kila Jumatatu kompyuta iliisoma namba hiyo, ikachapa yenyewe orodha ya mazishi.

Haikuonekana kwenye fomu yoyote. Kuiona, ilibidi ufungue dirisha la sifa za faili, uende hadi kichupo cha mwisho. Hospitali nzima, aliyejua kuna dirisha hilo alikuwa mmoja.

“Kijana wetu huyu ni hazina,” Bi. Fortunata, mkuu wa kitengo, aliwaambia wageni kutoka mkoani.

Akasifiwa.

3.

Ijumaa, tarehe 7, saa nne asubuhi. Printa ilikuwa imetoka kutengenezwa. Eliakunda alitaka kuona kama orodha inachapika, lakini siku hiyo hakukuwa na mwili uliotimiza siku 21. Akafungua dirisha. Akafuta 21. Akaandika 3.

Orodha ikachapika vizuri, wino mweusi tii.

Akaichana. Simu ikalia: mkewe, mtoto ana homa, njoo. Akazima kompyuta, akaondoka akiwa na nia ya…

4.

ORODHA YA MAZISHI, JUMATATU TAREHE 10

Na. 31. Mwanamke, mzee. Amepokelewa tarehe 19 mwezi uliopita.
Na. 47. Mwanamume, miaka 30 hivi. Ajali ya barabarani. Kovu la moto goti la kushoto. Amepokelewa tarehe 4.

Hesabu mwenyewe, wewe unayesoma. Kutoka tarehe 4 hadi tarehe 10.

Bi. Fortunata hakuhesabu; alitia saini. Mzee Sembuyagi wa mochwari naye hakuhesabu. Juu ya karatasi palikuwa pameandikwa, kwa herufi kubwa alizozipanga Eliakunda: WALIOTIMIZA SIKU 21.

Na. 47 alizikwa Jumanne.

5.

Ijumaa, dirishani pa mapokezi:

“Namtafuta mwanangu. Ndalahwa. Ana kovu la moto hapa gotini, aliangukia jiko akiwa mdogo.”

“Mama unaitwa nani?”

“Kabula. Nimetoka mbali, baba. Nimepita hospitali tatu.”

Akapelekwa mochwari. Mzee Sembuyagi alifunua daftari, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

“Tumemzika Jumanne, mama,” akasema. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, akarudia, akarudia tena, na uso wake ukabadilika.

6.

Kilio kilifika Kumbukumbu kabla ya habari.

Eliakunda alifungua dirisha la sifa.

3.

Angeweza kumwita Bi. Fortunata aje aone. Alikuwa chumba cha pili. Angekohoa tu angesikika. Badala yake akafuta 3, akaandika 21, akafunga.

Namba haiachi kovu. Haisemi jana ilikuwa nini.

7.

Koridoni:

“Mzee wa mochwari, si ndiyo umri huo. Macho yamekwisha.”
“Kompyuta imeangaliwa, iko sawa. Siku 21.”
“Sasa karatasi ilitoka wapi?”
“Atakuwa alikosea namba ya jokofu, halafu…”
“Masikini, kabakiza miezi mitano astaafu.”

8.

YAH: KUSIMAMISHWA KAZI
Ndugu Sembuyagi,
Uchunguzi umebaini kuwa mfumo wa kompyuta hauna kasoro. Hivyo, uzembe katika kuruhusu mwili Na. 47 kutolewa kabla ya muda unakuhusu wewe binafsi. Unasimamishwa kazi kuanzia tarehe ya barua hii.

(Barua ilichapwa na Eliakunda. Alisahihisha kosa moja la tahajia.)

9.

Mzee Sembuyagi alipita kuaga, akiwa na makoti yake mawili ndani ya mfuko wa rambo.

“Wewe hukukosea, kijana wangu,” alisema. “Mashine yako nzuri. Mimi ndiye niliyeacha kuhesabu.”

Eliakunda alitaka kusema…

Alisema, “Pole, mzee.”

10.

Siku hiyohiyo alifungua dirisha, kichupo cha mwisho, akatunga sifa mpya. Jina: Aliyekosea. Thamani: Eliakunda Mshana, tarehe 7, alibadili 21 kuwa 3.

Akahifadhi.

Kifua kikapungua uzito kwa muda wa kunywa chai. Halafu akaelewa alichofanya: amekiri mahali ambapo hakuna atakayefika.

11.

Bi. Kabula alikuwa akija kila asubuhi kufuatilia kibali cha kumfukua mwanawe. Alitaka kumrudisha nyumbani, akalale karibu na baba yake. Aliketi benchi la koridoni, kati ya watu thelathini waliosubiri kadi zao. Mlango wa Bi. Fortunata ulikuwa wazi.

Siku ya nne, Eliakunda aliinuka kwenye kiti chake. Akapita watu. Akachuchumaa mbele ya yule mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Kibali kimetoka?”

“Bado. Mama, mzee wa mochwari hana kosa. Ni mimi.” Sauti ilikuwa ndogo, hata mwenyewe aliisikia kwa shida. “Mimi ndiye niliye…”

Bi. Kabula aliinama, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

“Sikio hili halisikii, mwanangu,” alisema. “Sema kwa sauti.”

Koridoni watu waligeuka. Chumba cha pili, kiti cha Bi. Fortunata kiliburutwa sakafuni.

Eliakunda akavuta pumzi.