Farasi Alirudi Peke Yake

Farasi alitokea kati ya miti ya mepo akiburuta sleji, gari lisilo na magurudumu, hatamu zikifagia theluji. Pipa la utomvu mtamu wa miti hiyo lilikuwa limelala ubavu, tupu. Ovila, mume wa Rosalba, hakuwepo.

Rosalba alitua ndoo. Nyuma yake, ndani ya kibanda, karai kubwa lilikuwa likitokota. Utomvu ulikuwa umekaribia kuwa shira, na hapo ndipo haufai kuachwa hata kidogo.

"Nani huyo?" aliuliza Exilda, mama mkwe wake, kutoka kwenye benchi. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, na macho yalibakiwa na mwanga hafifu.

"Farasi, mama. Bijou peke yake."

"Na mwanangu?"

Rosalba aliitazama njia aliyotokea farasi. Kikongwe akasema, "Sasa unasimama nini kama gogo? Nenda. Moto niachie mimi."

"Mama, hata ndoo huwezi kuinua."

"Nimesema nenda."

Rosalba alimfungua Bijou kwenye sleji, akatwaa kamba, akamwongoza kufuata njia ya sleji. Theluji ilikuwa imelainika kwa jua la mchana. Kila hatua ilimmeza hadi mapajani. Alimwita mumewe mpaka sauti ikakauka.

Alimkuta kwenye kijito. Barafu iliyokifunika ilikuwa imevunjika chini yake, naye alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, mguu umebanwa na gogo. Midomo ilikuwa imegeuka buluu.

"Shira je?" aliuliza.

"Achana na shira."

"Itaungua, Rosalba."

"Nyamaza, tunza pumzi yako."

Aliingia majini, akasukuma gogo kwa bega. Halikutikisika. Akalifunga kamba kwa vidole visivyohisi kitu, ncha ya pili akaifunga kwenye mikanda ya farasi ya kuvutia mzigo, akamhimiza Bijou. Farasi alinusa barafu, akakita kwato. Rosalba alimchapa, akambembeleza, akamwomba Mtakatifu Ana huku machozi yakimtoka. Farasi hakusogea.

"Sasa nasikia joto," alisema Ovila taratibu, akafumba macho.

Neno hilo lilimtisha Rosalba kuliko mayowe, maana anayekufa kwa baridi husikia joto mwishoni. Akapapasa mfuko wa aproni, akakuta kipande cha sukari ya mepo alichokuwa amekigandisha asubuhi ili akionje. Alikipeleka puani mwa Bijou, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Farasi akanyoosha shingo. Akaja. Kamba ikakazika, gogo likalia, na Ovila akapiga ukelele uliopasua msitu.

Alimpakia mgongoni mwa farasi kama gunia. Kabla hawajafika, aliuona moshi mweusi ukitoka kibandani. Exilda alikuwa amejikokota hadi nje na kuketi, viganja vimezamishwa thelujini. Alikuwa amejaribu kuchomoa kuni zinazowaka kwa mikono mitupu. Karai lilikuwa limetoboka, na shira iliyobaki imeganda nyeusi kama lami.

"Nimeshindwa, mwanangu," alisema. "Yu hai?"

"Yu hai, mama."

Hospitalini walimkata Ovila mguu chini ya goti. Wakati huo wote utomvu ulizidi kutiririka. Ndoo zilizotundikwa mitini zilifurika na kumwagika msituni, na hapakuwa na wa kuzikusanya wala karai la kuchemshia. Ovila aliporudishwa nyumbani, vichipukizi vilikuwa vimeshafunguka, na msimu wa utomvu umekwisha.

Jioni ile Rosalba alifungua chupa ya mwisho ya shira ya mwaka uliopita, akaichemsha kwa maji, akadondoshea matonge ya unga. Hakuna chakula ambacho Ovila alikipenda zaidi. Alimpelekea kitandani.

"Ungezima moto kwanza," alisema Ovila bila kumtazama.

"Ungekufa."

"Heri."

Akageukia ukutani. Rosalba alisimama na bakuli mpaka mvuke ukaisha. Alirudi nalo mezani, akaketi karibu na mama mkwe ambaye mikono yake ilikuwa ingali imefungwa vitambaa, akaanza kumlisha.

"Mwachie kidogo," alisema Exilda.

"Nimemwachia, mama. Kula."