Mume na Mke

Asubuhi ya zamu ya maji, mjane wa fundi viatu aliweka ndoo chini ya bomba la uani, akafungua. Maji yalifika mdomoni mwa bomba, yakachungulia, yakarudi ndani. Akafunga, akafungua tena. Yakachungulia, yakarudi. Kwa jirani yalikuwa yanamwagika kama kawaida, mpaka watu wanafua mazulia.

Akampigia simu kaka yake, mwanasheria wa bodi ya hifadhi ya maji.

"Hayo yanafuata sheria ndogo mpya," kaka akasema. "Imeanza kutumika leo."

Akamweleza. Maji ya mgawo ni ya kaya, na kifungu cha tafsiri kinasema "kaya" maana yake ni mume na mke, pamoja na wategemezi wao. Rasimu ya kwanza ilisema "mume au mke." Mwenyekiti alisema hiyo "au" inakwaruza masikio, basi kaka mtu akaifuta palepale, akaweka "na", wakaendelea na chai. Alijua vizuri kwamba dada yake ni mjane. Hakumkumbuka tu, na hilo linamuuma mpaka leo.

"Sasa mimi ninywe nini?" dada akauliza.

Siku zile dada alikunywa maji ya kuomba kwa jirani.

Zamu iliyofuata, marehemu alikuja. Aliingia kwa mlango wa uani akiwa na shati alilozikwa nalo, akavuta kigoda, akaketi kando ya bomba. Maji yakatoka. Mkewe akamsalimia, akamuuliza kama atakunywa chai. Akasema hapana, ndoo zikijaa anarudi kulala.

Huyu mtu alikufa kwa uchovu, tuseme ukweli. Alishona viatu tangu utotoni, na neno lake la mwisho lilikuwa kwamba sasa atapumzika. Lakini ikawa kila zamu lazima aje. Akisinzia pale kigodani maji hukatika, na mkewe inabidi amtikise bega.

"Amka, mume wangu. Imebaki hii ndogo tu."

Anaamka. Hajawahi kulalamika, na afadhali angelalamika. Mkewe anamhurumia hadi amepunguza kufua, na shuka za kitanda siku hizi zinangoja sana.

Kaka alipeleka marekebisho kwenye bodi. Wajumbe walimsikiliza vizuri, wala hakuna aliyebisha habari za marehemu; wengine walishapishana naye njiani. Mwenyekiti akasema marekebisho yanahitaji malalamiko kutoka kwa kaya isiyopata maji. Kaya hii inapata. Akauliza kama kuna lingine, hapakuwa na lingine.

Siku ya zamu kaka akaenda kwa dada yake. Alimkuta shemeji yake kigodani, macho mekundu.

"Shemeji," marehemu akasema, "lile neno umelirudisha?"

"Bado, shemeji."

"Si ni neno moja tu?"

"Ni moja."

Marehemu akaitikia kwa kichwa. Kidevu kikashuka kifuani, maji yakaanza kupungua. Dada alikuwa bado ndani anatafuta ndoo nyingine, kwa hiyo kaka mtu akanyoosha mkono, akamtikisa yeye mwenyewe.