Baada ya Tumbili

Wazo la kupiga picha za mageuko lilikuwa la Alice mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kundi lao la upigaji picha, katika chuo kimoja mjini Kakamega, lilikuwa na watu watatu. Ignatius, kiongozi, alitaka mada ya kazi yao ya muhula iwe harusi. Abu, kijana wa Mumias, aliogopa kwamba akigusa mageuko babake atasema ameacha dini. Alice akawabishia wiki nzima.

"Siwaambii mkane Mungu," alisema. "Twende msitu wa Buyangu tuwapige picha viumbe. Kinyonga anavyofanana na majani, mdomo wa ndege unavyoingia sawasawa kwenye ua. Tuonyeshe uhai unavyojigeuza."

Wakakubali, wakagawana kazi.

Ijumaa Ignatius alileta picha zake, akazipanga mezani kwa mstari. Ya kwanza, tumbili wa Buyangu. Ya pili, mwanamke aliyeinama katika shamba la miwa, panga mkononi. Ya tatu, mwendesha boda boda. Ya nne, Ignatius mwenyewe, wima ndani ya suti, kompyuta kwapani.

"Mageuko ya binadamu!" alisema akicheka.

Abu alianza kucheka, akanyamaza alipomwona Alice. Alikuwa ameishika ile picha ya pili. Uso wa mwanamke haukuonekana, lakini Alice aliijua leso ya kijani iliyofungwa kiunoni, na bega la kushoto lililoshuka kwa miaka mingi ya kupakia miwa.

"Huyu ulimpiga wapi?"

"Butali, kando ya barabara. Hata hakuniona."

"Ni mama yangu."

Ignatius alikuna kichwa. "Lakini Alice, ni sanaa tu. Nani atamjua?"

Alice alitaka kumpiga kofi. Badala yake aliikunja ile picha. Akaitia mkobani, akatoka bila kuaga.

Kesho yake alikuwa nyumbani kwao Butali. Mamake, Navalayo, alisikiliza maelezo yote huku akiitazama picha, vidole vyake vikiwa bado vyeusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa.

"Kwa hiyo mimi nafuata tumbili," alisema hatimaye. "Jumatatu utanipeleka kwa huyo kijana."

Akaenda chuoni, amevaa nguo yake ya kanisani. Ignatius alipomwona alisimama haraka.

"Pole sana, Mama. Sikujua wewe ni mama yake Alice."

"Na kama singekuwa mama yake Alice?"

Ignatius alimsogezea kiti.

"Nakuuliza. Niwe mtu wa nani ndipo unisalimie kabla ya kunipiga picha? Nyinyi mnasomanga nini hapa?"

Alinyosha kidole kuelekea kamera. "Futa," Navalayo akasema, na akabaki amemsimamia mpaka picha ikafutwa kwenye kamera, kisha kwenye kompyuta. Ignatius akamkaribisha soda. Aliikataa.

Alice na Abu walienda Buyangu siku mbili mfululizo, wakarudi na picha za vinyonga na ndege, wakachelewa kuwasilisha, wakakatwa alama. Ignatius naye akawa anapita akisema Alice ameharibu kazi ya kundi kwa jambo dogo.

Maneno hayo yalipomfikia, Alice alimfuata hadi kantini, akasimama mbele ya meza yake watu wote wakitazama.

"Rudia," alimwambia. "Jambo gani dogo? Litaje hapa, kwa sauti."

Ignatius aliinamia sahani yake. Alice hakuondoka.